Mbawa Nne za Kumbikumbi

Niliwahi kuona chati ukutani mwa darasa la awali: mtoto amevaa sweta na kofia ya sufu, anakusanya majani ya rangi ya chungwa, na chini yake pameandikwa "Vuli". Simlaumu mfasiri, kamusi ndiyo iliyompa neno. Lakini mibuyu ya tambarare za Same, Upareni nchini Tanzania, hupukutisha majani kiangazi, ikasimama uchi kama iliyosahauliwa, na vuli ndiyo inayoivalisha upya. Kwetu hayo ni majira ya majani kurudi.

Ufundi ninaousifu ni wa mwalimu anayeiacha chati hiyo ukutani, akawatoa watoto nje.

Mwalimu mmoja wa aina hiyo nilimkuta kazini asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza. Usiku kumbikumbi walikuwa wamefuata taa ya barazani, na kulipokucha kizingiti kilikuwa kimefunikwa na mbawa. Mtoto wa zamu alikuja na ufagio. "Leo acha, mwanangu," alimwambia, akachuchumaa. Kumbikumbi ana mbawa ngapi? Mbili, walisema wengi, kama kuku. Hakuwasahihisha. Aliwaletea kumbikumbi mzima juu ya jani, wakainama vichwa vikagongana. Nne! Basi kila mmoja akaanza kupanga mbawa nne nne juu ya udongo uliolowa, na kila fungu likawa mdudu mmoja. Binti mmoja alibakiwa na mbawa tatu. "Huyu wako ataruka upande," mwalimu alimwambia, na binti akaondoka kwenda kutafuta ubawa mmoja uliopungua. Neno "kutoa" halikutamkwa asubuhi ile.

Wazazi wengine hawaridhiki na asubuhi za namna hiyo. Jioni hufungua begi na kuuliza: daftari limeandikwa nini? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Lakini hakuna waraka unaoweza kumfundisha mtu kuuzuia ufagio kwa wakati. Hilo hutoka kwenye jicho la mwalimu mwenyewe.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya ungo. Mahindi na maharage yalichanganywa, watoto wakachambua: meupe huku, mekundu kule, yenye madoa peke yake, yaliyotobolewa na wadudu nje. Kisha punje nzima zote zikaingia chungu kimoja, kwa sababu hapa ni Upareni na mahindi yakikutana na maharage mwisho wake ni makande. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwatengenezea mipira na vipande vya mbao akaviita zawadi. Namheshimu mzee huyo, ila zawadi zake haziliwi.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba hainakiliki, kwa kuwa kila mahali pana vifaa vyake. Upepo wa Bahari ya Hindi huacha maji yake mengi upande wa mashariki wa milima ya Upare; kilele cha Shengena, chenye urefu wa kama mita 2,460, kinaweza kuwa ndani ya ukungu huku mji wa Same ukipeperusha vumbi. Mwalimu wa Mamba Miamba anawafumba watoto macho na kuwanusisha tangawizi iliyotoka shambani. Akihamishiwa tambarare, itabidi aanze upya na nyuzi za katani: kusuka, kupima kimo cha rafiki, kufunga fundo.

Lililonivutia kuliko yote ni ndiva la matope. Upareni ndiva ni bwawa dogo la wakulima: maji ya kijito hukusanywa usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu kuelekea mashambani. Mwalimu alichimba la ukubwa wa beseni, watoto wakachora mifereji kwa vidole na kuziba mlango kwa kipande cha kigae. Kila mmoja alikuwa na shamba la mche mmoja wa haragwe. Aliyefungua mlango kabla ya zamu yake alishtakiwa na darasa zima, na kesi ilisikilizwa papo hapo, kwa makelele ambayo babu zao wangeyatambua.

Na vuli isiponyesha? Hutokea mara nyingi Same. Mwalimu alikuwa na makopo mawili dirishani, moja la jua na moja la mvua, na kila asubuhi mtoto mmoja alitumbukiza kokoto kwenye kopo la siku hiyo. Siku niliyoaga ilikuwa zamu ya mvulana mdogo. Alitazama mbingu kwa muda mrefu, akaangusha kokoto kwenye kopo la jua, kisha akayatikisa yote mawili karibu na sikio. La jua lilikuwa zito, halikulia sana. La mvua lilikuwa na kokoto mbili tu, zikalia kwa nguvu. Akalirudisha dirishani taratibu, kama mtu anayeweka yai.