Ufundi wa Mikono Iliyofungwa

Mwaka 1998 Stephen Molstad alitoa riwaya ya Silent Zone, kuhusu ujana wa mhusika aliyedhaniwa amekwisha kufa. Mhusika huyo, Dokta Brackish Okun, alionekana kwa muda mfupi tu katika filamu ya Independence Day ya mwaka 1996, kabla kiumbe wa anga za mbali hajamkaba na kusema kupitia kinywa chake. Molstad, ambaye pia alishiriki kuiandika filamu hiyo kuwa kitabu, alirudi nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko akamkuta Okun kijana, mwajiriwa mpya wa serikali ya Marekani, akichunguza chombo cha kigeni kilichofichwa katika jangwa la Nevada.

Wahakiki wengi huzipita riwaya za namna hii bila hata salamu. Husema ni biashara tu: filamu imeuza, na kitabu kiuze. Biashara ipo, sikatai. Lakini anayeandika yaliyotangulia kisa maarufu hukaa mezani mikono imefungwa, tena kwa kamba asizozisokota yeye. Filamu ilikwisha kuamua kwamba chombo kilianguka mwaka 1947. Ilikwisha kuamua kwamba mitambo yake ilikaa kimya miaka na miaka, ikaja kuwaka yenyewe pale meli kubwa za wavamizi zilipofika duniani. Basi Okun anaingia kazini, na msomaji anajua kabla yake kwamba atazeekea humo chini ya ardhi.

Taharuki itoke wapi? Wasikilizaji wa utenzi wa Fumo Liyongo walijua mapema kwamba mwana atamchoma babaye kitovuni kwa shaba, na bado walikaa kitako hadi mwisho. Walitaka kusikia alivyoshawishiwa, kwa ahadi gani, na alivyosita. Msomaji wa Silent Zone naye hana haja ya kuuliza kama chombo kitaruka. Anauliza mtu huamkaje kila asubuhi kukikabili kitu kisichomjibu, na ambacho haruhusiwi kukitaja hata kwa mamaye.

Ustadi unaonivutia zaidi ni wa kuupenyeza ubunifu palipo na pengo katika rekodi za kweli. Julai 1947 kambi ya ndege za kijeshi ya Roswell, New Mexico, ilitangaza kwamba imepata kisahani kirukacho. Muda si muda ikasemwa ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 jeshi la anga likaeleza kwamba mabaki yale yalitokana na Mogul, mradi wa maputo yaliyobeba vinasa sauti ili kugundua majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Siri ilikuwapo kweli, ila ilikuwa siri nyingine.

Groom Lake nako, katika jangwa lilelile la Nevada, mahali panapoitwa Area 51, CIA ilianza mwaka 1955 kuijaribu U-2, ndege ya ujasusi iliyopaa zaidi ya futi 60,000, wakati ndege nyingi za abiria zilipita chini ya futi 20,000. Rubani wa ndege ya abiria aliyeona kitu kikimeremeta juu kiasi kile hakuwa mwongo wala mwendawazimu. Na mwanzoni mwa 1968 Wamarekani waliichunguza na kuirusha hapo MiG-21 ya Kisovieti, ambayo rubani mtoro wa Iraki aliifikisha Israeli mwaka 1966. Wahandisi wa kweli, jangwani, katika usiri mkubwa, walikuwa wameizunguka mashine ya watu wengine wakijaribu kuielewa. Ni enzi ileile aliyowekewa Okun! Riwaya imebadilisha tu aliyeiunda mashine, na mara ajabu yote inakaa juu ya ardhi imara.

Mwandishi asiye na subira angezijaza kurasa milipuko. Mimi nathamini uamuzi wa kumtanguliza mtafiti, mtu ambaye mlango uliofungwa humnyima usingizi, kwa sababu uamuzi huo unaibadilisha hata filamu yenyewe. Kuna mahali Okun anampokea rais wa nchi na kumwambia kwa furaha kwamba saa 24 zilizopita zimekuwa za kusisimua sana. Nje huko miji inateketea na watu wanakufa. Rais anamkata kauli kwa hasira, nasi ukumbini tulikuwa upande wa rais. Anayeirudia filamu baada ya kuisoma riwaya bado atakuwa upande wake. Ila atamwona pia kijana aliyekabidhiwa mashine iliyozimika, akaisubiri tangu enzi za Nixon, na leo, katika siku mbaya kuliko zote, taa zake zimewaka.