Kidole Gumba cha Fundi wa Nyasho

Fundi haiangalii padi ya gemu. Anaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea kifaranga, kisha anageuza uso upande wa barabara, kwenye bodaboda na akina mama wa dagaa, huku kidole gumba cha kushoto kikiizungusha analogi, kile kijiti chake, polepole: juu, kulia, chini, kushoto, tena juu. Anaiachia ghafla. Anasikiliza inavyorudi. "Hii hapana," anasema, na kuiweka chini ya meza. Nimekaa kwenye benchi lake pale Nyasho, mjini Musoma, karibu saa nzima, na ameshakataa padi nne. Mimi ningezinunua zote nne.

Nilikuja kutafuta moja tu. Mpwa wangu yuko Bunda, amejipatia kompyuta mpakato ya mtumba, na kila jioni umeme ukiwepo anacheza mpira kwa vitufe vya kibodi. Alinipigia simu akilalamika: "Mjomba, mchezaji wangu anakimbia kama treni, hajui kukata kona." Nilicheka, lakini kijana alikuwa na haki. Kitufe cha kibodi kinajua mambo mawili, kubonyezwa na kuachwa. Analogi inajua robo, inajua nusu, inajua ule mguso mdogo wa kumfanya mchezaji atembee na mpira badala ya kuufukuza.

"Ya kompyuta?" fundi aliuliza nilipomweleza. "Basi tuanze upya, mura." Hapa kwetu Mara neno hilo humkuta kila mwanamume, hata mwenye mvi kama mimi, na halina ubaya.

Akanionyesha mtego ambao, kwa maelezo yake, umewaliza wengi. Alitoa padi mbili za Xbox 360, aina iliyotoka mwaka 2005, zinazofanana kama mapacha. Moja ina waya wake wa kudumu. Nyingine haina waya, ila inauzwa pamoja na waya wa kuchomeka. Mnunuzi anauona waya, anafurahi, anafika nyumbani, anachomeka kwenye kompyuta, taa inawaka, na mchezo haumwoni. Waya ule ni wa kuchaji tu. Padi yenyewe huongea hewani, na kompyuta haiisikii mpaka iwe na kipokezi chake maalumu. "Huu unalisha," alisema akiuinua waya kwa vidole viwili. "Hauongei." Ile yenye waya wa kudumu kompyuta ya Windows huitambua bila maswali mengi, maana Microsoft ndiyo mama wa Windows na wa padi hiyo. Padi ya PlayStation 4 nayo ni nzuri, vijana wengi mikono yao imeshaizoea, ila inahitaji mkalimani. Programu ya michezo ya Steam imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa 2016, lakini mwenye mchezo ulionakiliwa kwenye flashi na rafiki yake atahangaika. Mpwa wangu, nisifiche, ni wa flashi.

Haya yote mtu anaweza kuambiwa na yeyote aliyewahi kuunguliwa na hela yake. Kilichonikalisha kwenye benchi lile ni kidole gumba.

Ndani ya analogi ya kawaida kuna kijisahani chenye utando wa kaboni, na juu yake kiguso kidogo cha chuma kinachosugua kila unapokisukuma kijiti. Kila bao, kila chenga, kinasugua. Baada ya miezi au miaka utando unalika, vumbi la kaboni linatapakaa, na padi inaanza kusema uongo: umekiachia kijiti, kimesimama katikati, lakini kompyuta inaambiwa bado unasukuma. Mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea kwenye kibendera cha kona kama aliyeitwa. Vijana husema padi inavuta. Siku hizi zipo analogi zinazotumia sumaku, ambazo hakuna kinachosuguana kwenye kipimo chake, lakini zinazofika kwenye meza ya Nyasho ni chache.

Fundi huusikia uongo huo kabla haujasemwa. Anasema analogi nzima inarudi na mlio mmoja, mkavu. Iliyoanza kuchoka inarudi na milio miwili, wa pili mdogo sana, kama mtu anayejikohoza. Nilisogeza sikio. Sikusikia kitu. Alichukua padi moja kati ya alizozikataa, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua dirisha la kupimia padi, lenye mraba na alama ya msalaba katikati. Akakisukuma kijiti, akakiachia. Msalaba ukarudi, ukasimama pembeni kidogo ya kitovu, ukawa unatetemeka. "Kompyuta ni kwa ajili yako," alisema bila majivuno. "Mimi nilishajua."

Nilikuwa nimeona mikono ya namna hiyo mara moja tu kabla ya siku ile, Butiama, na haikuwa imeshika padi.

Babu yangu alikuwa mcheza bao. Bao lake lilikuwa na mashimo 32 kama yalivyo mabao mengi, na kete 64, na kete hizo alizichagua mwenyewe moja moja. Nilikuwa mtoto wa kutumwa. Nilimletea mbegu mfuko mzima, nikidhani kazi imekwisha, naye akaketi chini ya mti mchana kutwa akizipitisha mkononi. Hakuziangalia. Alikuwa akizungumza na wazee wenzake habari za mvua na ng'ombe, na mkono wake pekee ndio uliokuwa kazini: mbegu inaingia kiganjani, inazunguka chini ya kidole gumba, ama inabaki ama inatupwa. Nyepesi ilitupwa, maana ukiitupia shimoni inaruka. Yenye ubapa ilitupwa, maana inagandamana na mwenzake, nawe ukidhani umeokota tano kumbe umeokota sita. Katika mfuko wangu wote alibakisha kumi na moja. Nililia kwa hasira. Akaniambia nikalete nyingine.

Wazee wale walikuwa na sababu ya kuliheshimu bao. Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na husimuliwa kwetu kwamba ni akili yake ya utotoni kwenye mchezo huo iliyomfanya mtemi wa Ikizu amshauri baba yake, Chifu Burito, ampeleke shule. Mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge, Musoma. Alilipenda bao mpaka uzeeni. Babu alikisimulia kisa hicho kama ushahidi mahakamani, hasa bibi alipomuuliza anapoteza mchana mzima kwa nini.

Sasa, sisemi padi ni bao. Nasema mkono ni uleule. Katika miaka ya PlayStation 2, pale Mwigobero karibu na mwalo, tulilipia gemu kwa mechi, na mtoto aliyejua mambo alichagua padi kabla ya kuchagua timu. Ulikuwa unajua padi ipi ina kitufe cha kupigia kinachozama, ipi waya wake lazima uukunje hivi ndiyo ishike. Mgeni alipewa iliyobaki, akafungwa sita, akaondoka akimlaumu kipa.

Siku hizi mtu ananyoosha simu yenye picha. "Nataka kama hii, yenye taa." Taa za bluu, taa za kijani, taa zinazobadilika kama disko. Nami nisijitoe: padi ya kwanza niliyokusudia kumpelekea mpwa wangu niliinunua kwenye duka moja mjini kwa ajili ya taa, ikiwa nyepesi kama ganda la yai. Fundi aliifungua mbele yangu. Padi ya kueleweka huwa na mota mbili mikononi, moja kubwa na moja ndogo, ndizo zinazotetemesha na ndizo zinazoipa uzito. Yangu ilikuwa na nafasi ya mota, kuta zake, hata vitundu vya skrubu. Mota hazikuwemo. Mtu alikaa mahali akatengeneza nyumba ya kitu asichokusudia kukiweka.

Padi za hivyo hazitengenezwi, zinatupwa. Nimeziona kwenye majalala ya kando ya ziwa, zikiwa na nyavu zilizochakaa. Na wadogo wa hao wanaotaka taa hawaulizi hata padi. Wanasugua kioo cha simu, ambacho hakirudi, hakina mlio, hakimfundishi kidole kitu chochote. Fundi alikuwa na vijana wawili wakijifunza kwake. Sasa mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anauza laini za simu stendi ya Bweri.

Padi ya saba ndiyo aliyonipa: ya waya, nyeusi, isiyo na taa za madoido, imekwaruzwa ubavuni. Aliifungua, akaifuta kwa spiriti, akatoa chini ya kitufe kimoja kitu kinachong'aa, akakiweka kwenye kucha yangu nikione. Gamba la dagaa. Akafunga skrubu, akaizungusha analogi akiangalia barabarani, akaiachia. Safari hii nilifumba macho. Labda nilisikia.

Jioni ile nilipanda basi la Bunda nikiwa nimeishika mapajani. Kwenye tuta karibu na Kiabakari nilijikuta naizungusha kwa kidole gumba, na kijana wa kiti cha pili ananitazama kama mzee aliyepotewa.

Fundi ana kopo la maziwa alimohifadhi analogi alizozitoa kwenye padi zilizokufa, na lilikuwa limebaki robo. Kama unayo padi mbovu nyumbani, usiitupe. Mpelekee.