Sifa ya Danki

Danki ina pointi mbili. Mpira uliosukumwa polepole ubaoni ukateleza wavuni nao una pointi mbili, na ubao wa matokeo hauna sehemu ya kuandikia madaha. Hiyo ndiyo hoja ya wanaoibeza danki, na makocha wengi wa zamani wa vyuo vikuu vya Marekani waliishika kama amri: weka mpira ndani kwa utulivu, kisha rudi ukabe. Mimi nasimama upande wa pili. Naamini kwamba danki, hasa ya mwanachuo, ni ufundi uliokamilika, wenye kanuni zake na mashujaa wake. Mpira wa kikapu wa vyuo uliwahi kujaribu kuishi bila ufundi huo kwa misimu 9, na jaribio hilo ndilo lililoonyesha thamani yake.

Tuuangalie ufundi wenyewe kwanza. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Kipenyo chake ni kama sentimita 46, na cha mpira ni kama 24, kwa hiyo mipira miwili haipiti kwa pamoja. Kuigusa ringi kwa ncha za vidole hakutoshi. Anayedanki sharti apandishe kiganja na mpira wenyewe juu ya ringi, kisha abakiwe na nguvu ya kuushusha. Urefu humsaidia, lakini haumfundishi kitu. Kinachomfundisha ni mazoezi ya miguu. Hatua ya pili kutoka mwisho huwa ndefu, na mwili hushuka kidogo; ya mwisho huwa fupi na nzito, nayo ndiyo inayogeuza mbio za mbele kuwa mruko wa juu. Mikono hupanda pamoja na goti, maana mikono iliyolegea huurudisha mwili chini. Mpira nao una wakati wake: ukiukamata mapema mno, mwamuzi atapuliza kwa kuzidisha hatua, ukichelewa, mkabaji ataupokonya ukiwa bado chini.

Halafu kuna hewani. Mtu anayeruka mita moja nzima hukaa juu kwa muda usiofika sekunde moja, na nusu ya muda huo hupita akiwa katika robo ya juu kabisa ya mruko wake. Ndiyo maana macho yetu huapa kwamba ameganda. Ndani ya nafasi hiyo finyu anatakiwa amwone mkabaji anayepanda naye, achague mkono mmoja au miwili, auhamishe mpira mbali na kiganja kinachokuja, na afikirie atakavyotua. Wanaosema danki ni nguvu tu hawajawahi kuhesabu maamuzi yaliyomo ndani ya sekunde hiyo.

Tena danki hufanywa hadharani bila pa kujificha. Mpira wa mbali ukikosa, watu hupumua tu na mchezo unaendelea. Danki ikigonga nyuma ya ringi, mpira unaruka hadi katikati ya uwanja na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mkabaji akiizuia, picha ya aibu ile itamfuata mpigaji kwa miaka. Anayedanki mbele ya mpinzani anaweka jina lake rehani kwa ajili ya pointi mbili ambazo pengine angezipata kwa njia salama. Ujasiri huo ni sehemu ya thamani ya danki, na watazamaji huuelewa hata bila kufundishwa.

Tarehe 19 Machi 1966, mjini College Park, Maryland, fainali ya vyuo iliwakutanisha Kentucky ya kocha Adolph Rupp, timu ya wachezaji weupe watupu, na Texas Western ya kocha Don Haskins, aliyeanza na wachezaji watano weusi. Mapema katika mchezo, David Lattin wa Texas Western alimpandia Pat Riley na kuupigilia mpira ringini. Lilikuwa bao moja tu katika mchezo ulioisha 72 kwa 65, lakini wanaosimulia fainali ile hawaliruki. Katika nchi ambamo shule na vyuo vingi vya kusini vilikuwa bado vimewafungia weusi milango, danki ile ilitangaza kwamba vijana wale hawakuja kuomba ruhusa ya mtu.

Mwaka uliofuata, kijana wa New York aitwaye Lew Alcindor, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, aliiongoza UCLA kushinda michezo 30 bila kupoteza hata mmoja. Msimu ulipokwisha tu, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipiga danki marufuku. Kilisema danki huumiza wachezaji, huharibu ringi na mbao, na haina namna ya kukabiwa. Watu waliita katazo hilo sheria ya Alcindor, naye mwenyewe aliamini kwamba lililengwa kwa wachezaji weusi. Hata ukizikubali sababu za chama, lile la kwamba danki haikabiki lilikuwa sifa iliyovishwa vazi la kosa. Hakuna ufundi unaostahili kufutwa kwa sababu umefikia ubora wake.

Wapo wanaosema katazo lilimfaa Alcindor, kwa kuwa lilimlazimu kuunoa ule mtupo wake wa mkono uliopinda juu ya kichwa, ambao baadaye ulimfanya mfungaji asiyezuilika. Ni kweli kwamba aliunoa, na ni kweli kwamba alitwaa ubingwa tena mwaka 1968 na 1969. Lakini mtu mwenye kipaji cha namna hiyo angeufikia mtupo huo hata kama danki ingebaki halali. Hasara ilikuwa kwa wengine. Julius Erving alichezea Chuo Kikuu cha Massachusetts hadi mwaka 1971, na katika michezo yake yote ya chuoni hakuruhusiwa kudanki. Mtu aliyekuja kuibadilisha danki kuwa sanaa ya kuruka aliimaliza elimu yake ya mpira akiwa amefungwa mbawa, na waliokaa kwenye viti vya ukumbi wa chuo chake hawakuuona uwezo wake kamili mpaka alipoondoka kwenda kwenye mpira wa kulipwa.

Aliyelibeba katazo hilo kwa heshima kuliko wote ni David Thompson wa North Carolina State. Alikuwa na urefu wa mita 1.93, si jitu kwa vipimo vya mchezo huu, lakini aliruka zaidi ya mita moja. Yeye na mchezesha timu Monte Towe, mwenye mita 1.70 tu, walijenga pasi ambayo sheria haikuikataza: Towe aliurusha mpira karibu na ringi, Thompson akaupanda, akaudaka juu kabisa, kisha akauachia udondoke wavuni bila kuusukuma. Ilikuwa danki iliyokatwa ulimi. Kwa pasi hiyo na kwa vipaji vingine vingi, timu yao iliitoa UCLA katika nusu fainali ya 1974 baada ya nyongeza mbili, na ikatwaa ubingwa.

Machi 1975 Thompson alicheza mchezo wake wa mwisho nyumbani, Raleigh, dhidi ya timu ya Charlotte. Akiwa peke yake mbele ya ringi, alidanki. Waamuzi walilikataa bao na kumpa faulo ya kiufundi, kama sheria ilivyotaka, na ukumbi ulilipuka kwa furaha. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Raleigh walijua wanaonyeshwa kitu walichonyimwa kwa miaka mitatu, na walikipokea kama haki yao. Bao lile halipo katika hesabu yoyote ya pointi, lakini kwangu ni moja ya mabao makubwa kabisa ya mpira wa vyuo, kwa sababu linathibitisha kwamba thamani ya danki haikuwa imeegemea pointi hata siku moja.

Katazo liliondolewa kuanzia msimu wa 1976/77, na mchezo ulirudishiwa pumzi yake. Louisville, wakiongozwa na Darrell Griffith, waliitwa Madaktari wa Danki, na mwaka 1980 walitwaa ubingwa kwa kuifunga UCLA 59 kwa 54. Kisha ikaja Houston ya kocha Guy Lewis. Mzee huyu hakuivumilia danki tu, aliihimiza, na hoja yake ilikuwa ya kifundi: mpira unaoshushwa na mkono kutoka juu ya ringi ndio wenye uhakika kuliko mitupo yote. Alikuwa na Clyde Drexler, na alikuwa na Hakeem Olajuwon, kijana kutoka Lagos aliyekuwa amecheza mpira wa mikono na kudaka magoli katika soka kabla ya kukutana na ringi. Katika nusu fainali ya 1983 Houston na Louisville walikutana, na Houston wakashinda 94 kwa 81 kwa mvua ya danki ambayo waliokuwepo bado wanaisimulia.

Siku mbili baadaye, tarehe 4 Aprili huko Albuquerque, hoja ya Guy Lewis ilimrudia kwa namna chungu. North Carolina State ya kocha Jim Valvano, timu ambayo wengi hawakuipa nafasi, ilikuwa sare na Houston 52 kwa 52 sekunde za mwisho zikiyoyoma. Dereck Whittenburg alitupa mpira kutoka mbali, karibu mita 9, na mpira ukapungua nguvu kabla ya kufika. Lorenzo Charles alikuwa chini ya ringi. Aliudaka hewani na kuushindilia ndani kwa mikono miwili, muda ukaisha, 54 kwa 52. Hapakuwa na madaha yoyote. Kulikuwa na mchezaji aliyesoma urefu wa mpira kabla ya wengine na aliyejua kwamba katika nafasi ile hapana njia ya uhakika kuliko danki. Wanaosema danki ni pambo waitazame fainali ile.

Wanawake nao waliipata kwa jasho lao. Tarehe 21 Desemba 1984, mjini Elkins, Georgeann Wells wa Chuo Kikuu cha West Virginia alidanki katika mchezo rasmi wa vyuo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mkanda wa video ulibaki mikononi mwa timu pinzani na haukuonekana hadharani mpaka mwaka 2009, kwa hiyo kwa robo karne tendo lile liliishi kwa ushahidi wa maneno. Mwaka 2006 Candace Parker wa Tennessee alidanki mara mbili katika mchezo mmoja wa mashindano ya taifa, na baada yake Brittney Griner wa Baylor aliifanya danki kuwa jambo la kutarajiwa. Wasichana waliowatazama waliona mpaka mmoja ukivunjwa mbele ya macho yao.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu, na iko upande wa pili wa pambano. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, na mara mbili alitajwa mkabaji bora wa ligi ya Big East. Kumwendea Thabeet ringini kulihitaji moyo, na wengi waligeuka njiani. Danki inahitaji watu kama yeye. Ingekuwa kweli haikabiki, kama NCAA ilivyodai mwaka 1967, ingekuwa mazoezi ya viungo tu. Ni mkono wa mkabaji unaopanda nao ndio unaoipa uzito.

Kwa nini basi naitetea hasa danki ya vyuo, wakati wa kulipwa wanaruka juu zaidi na kwa ustadi zaidi? Kwa sababu wengi wa vijana hawa hawatafika kamwe kwenye mpira wa kulipwa. Wana miaka 18 hadi 22, wako katika kilele cha uwezo wa miili yao, na baada ya misimu michache watakuwa walimu, wahasibu na wauzaji wa magari. Chuo ndicho jukwaa lao la kwanza na la mwisho. Mchezo unaowapa nafasi ya kufanya kwa ukamilifu jambo gumu kuliko yote wanayoyaweza, mbele ya wenzao waliokaa nao darasani asubuhi ile, umewatendea haki.

Kocha anayemfunza kijana hatua zile mbili za mwisho, anayemzoeza kuutunza mpira anapopanda na kutua bila kuumia, anafundisha ufundi kama afundishavyo pasi na ukabaji. Amfundishe, na kijana akishazijua hatua zake, amruhusu aruke.