Jamii za Wikipedia ya Kiswahili na Mipaka ya Fasihi

Kazi ya kuainisha si ngeni katika taaluma ya Kiswahili. Mwanafunzi anayetajiwa neno kifaru huulizwa ngeli yake, na hapo hapo huingizwa katika mgogoro wa siku nyingi: kwa umbo lake neno hilo ni la KI-VI, bali kwa upatanisho wake ni la A-WA. Wako wanaisimu waliofuata viambishi, wako waliofuata upatanisho, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Mgogoro wa namna hiyo umezuka upya, aghalabu pasi na wahusika kuutambua, katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo huandikwa kwa ushirika na yeyote apendaye. Safari hii kinachoainishwa si nomino bali ni kurasa. Na baadhi ya kurasa hizo ndizo historia ya fasihi ya Kiswahili kama itakavyosomwa na wengi ambao hawatapata kuingia katika maktaba ya chuo kikuu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Wiki ya kwanza, iliyobuniwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, haikuwa na chombo maalumu cha kupanga kurasa. (Jina hilo ni la Kihawaii, lenye maana ya haraka, wala halina uhusiano na siku saba za Waswahili.) Waliotaka kukusanya kurasa za aina moja walitaja jina la kundi chini ya kila ukurasa, kisha wakatafuta kurasa zote zilizounganishwa na jina hilo. Wikipedia nayo ilitegemea orodha zilizoandikwa kwa mkono hadi mwaka 2004, chombo cha kuainisha kilipotiwa katika programu yake. Tangu hapo mhariri wa Kiswahili huandika mwishoni mwa makala neno Jamii, nukta mbili na jina la kundi, yote ndani ya mabano mraba mawili mawili, na makala hujiorodhesha yenyewe. Jamii yaweza kutiwa ndani ya jamii iliyo kubwa zaidi. Aidha, na hili ndilo la kushikwa, ukurasa mmoja waweza kuwamo katika jamii nyingi kadiri itakavyohitajika.

Neno jamii limeteuliwa vema. Lau wahariri wangalichukua kategoria, wangalipata istilahi iliyo sahihi lakini kavu. Lau wangalichukua ngeli, wangalijifunga, kwa kuwa nomino haiwezi kuhamahama ngeli ipendavyo. Jamii ni watu waliokusanyika, na mtu mmoja ni wa upande wa baba na ni wa upande wa mama bila ya mtu yeyote kuona kioja. Kwa hiyo neno lenyewe limekwisha kuonyesha njia. La kusikitisha ni kwamba katika kuainisha waandishi njia hiyo haikufuatwa sana. Jamii zilizotawala ni zile zilizofuata mfano wa Kiingereza, na mfano huo humgawa mwandishi kwa dola: Waandishi wa Kenya, Waandishi wa Tanzania, na kadhalika.

Na amtazame mtu Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani. Aliandika sehemu kubwa ya kazi zake chini ya Waingereza. Akafariki mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru kwa miezi michache tu. Jamhuri ya Muungano iliundwa mwaka 1964. Anayemwita mwandishi wa Tanzania, basi, anampa uraia wa nchi ambayo hakuishi kuiona. Hali ya Muyaka bin Haji ni nzito zaidi. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, na mashairi yake ni ya Mombasa dhidi ya watawala wa Zanzibar. Jina la Kenya lilipewa koloni mwaka 1920. Kumtia Muyaka katika Washairi wa Kenya kwaweza kutetewa, kwani kaburi halihami na Mombasa imo Kenya leo. Lakini utetezi huo ni wa umbo, ni wa kiambishi. Upatanisho wa Muyaka uko kwingine: ni lugha aliyoitungia, bahari zake, na washairi waliojibizana naye. Akisomwa pamoja na riwaya za Nairobi zilizoandikwa kwa Kiingereza anakuwa mgeni. Akisomwa pamoja na Mwana Kupona wa Siu na Shaaban Robert wa Tanga yuko kwao.

Yafaa ikumbukwe kwamba wakutubi walilitatua jambo hili zamani. Mfumo wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, una kasoro nyingi, na mojawapo ni jinsi unavyozisonga fasihi nyingi za Kiafrika katika nambari 896. Hata hivyo, msingi wake katika fasihi ni lugha, wala si dola. Katika 896.392, ambayo ni nambari ya fasihi ya Kiswahili, Muyaka na Shaaban Robert hukaa rafu moja. Mkutubi hana hiari kubwa, maana kitabu kimoja hakiwezi kukaa rafu mbili. Mhariri wa wiki anayo hiari hiyo, naye kwa kuiga anawatenganisha wale ambao rafu ya mbao iliwaweka pamoja.

Watetezi wa mpango uliopo watasema kwamba jamii za kidola humsaidia mwanafunzi wa shule, na kwamba hurahisisha kuunganisha kurasa za Kiswahili na zile za lugha nyingine. Hoja hiyo ina uzito na hapana haja ya kuifuta jamii hata moja. Kinachodaiwa ni kuongeza: Washairi wa Kiswahili, Tenzi, Fasihi ya Mombasa, Fasihi ya Lamu na Pate, na kila mtunzi atiwe humo juu ya kutiwa katika nchi yake. Atakayedhani hili ni jambo dogo na akumbuke kilichotokea Marekani mwezi wa Aprili 2013, mwandishi Amanda Filipacchi alipoeleza katika gazeti la New York Times kwamba wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walikuwa wakiwahamisha wanawake kutoka jamii ya waandishi wa riwaya wa Marekani na kuwapeleka katika jamii ndogo ya wanawake, hali wanaume wakibaki palipo pakubwa. Hakuna sentensi iliyobadilishwa katika makala za wanawake hao. Kilichobadilishwa ni mstari mmoja wa chini, na ulitosha kumwambia msomaji nani ni mwandishi na nani ni mwandishi wa pembeni.

Liko jambo la pili, nalo ni la lugha yenyewe. Mashine hupanga kurasa kwa herufi ya kwanza. Katika Kiingereza jina la jamii ya watu huanza na sifa ya taifa, hivyo majina husambaa kutoka A hadi Z. Katika Kiswahili nomino hutangulia, na nomino ya watu katika wingi huanza na WA-. Waandishi, wanasiasa, wanamuziki na wachezaji wote husongamana mlango mmoja wa W. Ndani ya jamii ya mito hali ni hiyo hiyo: Mto Tana na Mto Athi huangukia M, labda mhariri awe ameandika ufunguo wa kupangia baada ya jina la jamii. Wasomaji wa jarida hili watautambua ugonjwa huu. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyaweka maneno yaliyonyambuliwa chini ya mzizi, msomaji akimfuata soma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikampa msomaji mahali pake chini ya M. Kila njia ina gharama yake, lakini watungaji wa kamusi walijua kwamba wanachagua. Ufunguo wa wiki ni dawa ya Johnson iliyorudi kwa mlango wa nyuma, na mhariri asiyeutumia naye amechagua, ingawa hakukusudia.

Ufunguo huo huo unaleta tatizo la majina ya watu. Desturi ya Kiingereza ingempanga Shaaban Robert chini ya R, kana kwamba Robert ni jina la ukoo, na hali ni jina la baba yake. Muyaka bin Haji hapangwi chini ya H na Mswahili yeyote. Mwana Kupona ana ugumu wa peke yake: Mwana ni jina la heshima, na akiwekwa chini ya K heshima inabaki nyuma, akiwekwa chini ya M, anapangwa kwa cheo chake badala ya jina lake.