Pongezi kwa Wakunja Modak

Sikukuu ya Ganesh Chaturthi inapofika, kati ya Agosti na Septemba, nyumba nyingi za Maharashtra, India, hunukia nazi na sukari guru. Heko kwa wanaokunja modak, vitafunio vitamu vya sikukuu hii, kwa mkono! Vya ndani ni rahisi: nazi iliyokunwa, sukari guru, iliki, basi. Kazi iko kwenye unga wa mchele, unaosongwa kwa maji ya moto na kukandwa ungali na joto, ukipoa hupasuka. Kisha vidole hubana mikunjo midogo midogo mpaka ncha ijifunge juu, tayari kwa mvuke. Mungu Ganesh, mwenye sikukuu, hutengewa modak 21. Zinazobaki humwagiwa samli. Kalibu za plastiki zipo madukani, wala sizilaumu, ila modak zake hufanana mno.