Uuguzaji wa Masika: Sungura, Punda na Mbwa Mgonjwa Mpakani

Uuguzaji wa wanyama wa nyumbani ni ufundi ambao katika maandishi mengi hutajwa pembezoni, nyuma ya ufugaji wenyewe, kana kwamba mtu akishajua kulisha na kuuza amejua yote. Lakini Busia na Malaba, upande wa Kenya, ni ufundi unaostahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa hali ya nchi haimruhusu mtu kuufanya kivivu. Hapa hakuna theluji inayowafanya wafugaji wa Ulaya wafunge milango ya mazizi kwa miezi kadhaa. Kinachochukua nafasi yake ni masika, yaani mvua ndefu zinazoanza Machi na kuendelea hadi Mei, wakati mito ya Sio na Malaba inapojaa, sakafu za mabanda zinapokataa kukauka, nyasi zinapobaki na maji hadi karibu na adhuhuri, na kupe wanapoongezeka malishoni. Baridi humwua mnyama waziwazi; unyevu humtayarisha tu, ukawaachia wadudu na vijidudu kazi iliyobaki, na ndiyo maana anayeuguza wanyama katika majira hayo huhitaji jicho kabla ya kuhitaji dawa.

Sungura ndiye mwalimu mkali zaidi wa jicho hilo. Jina lake lenyewe ni la kuazimwa: sungura wa hadithi, yule anayewashinda fisi na simba kwa akili, ni mnyama wa porini wa Afrika, ilhali sungura wa kizimbani, awe New Zealand mweupe, California mwenye masikio meusi au Chinchilla wa kijivu, ana asili katika rasi ya Iberia, alikotoka hadi akafugwa Ulaya na kuletwa Afrika Mashariki na wageni. Alirithi jina, hakurithi ujanja. Alichonacho ni tabia ya mnyama anayewindwa, ambaye maumbile yamemfundisha kwamba anayeonekana mgonjwa ndiye anayekamatwa kwanza, na kwa hiyo huficha maradhi mpaka yamemzidi. Mfugaji stadi hamsomi sungura mwenyewe. Husoma vilivyomzunguka, kama vile majani yaliyobaki, maji yaliyopungua na, zaidi ya vyote, kinyesi. Utumbo wa mnyama huyu hautakiwi kusimama hata kidogo, wala hawezi kutapika, hivyo sungura aliyekaa nusu siku bila kula tayari ni mgonjwa wa dharura, hata kama ameketi vizuri na macho yake yanang'aa. Vipo vinyesi vya aina mbili: vile vigumu vya mviringo vinavyoanguka chini ya kizimba, na vile laini ambavyo sungura huvila moja kwa moja kutoka mwilini ili apate vitamini na protini ambazo hakuzipata katika safari ya kwanza ya chakula. Anayevikuta hivi vya pili vimeachwa sakafuni asubuhi hana sababu ya kuona kinyaa, ameletewa habari.

Adui mkuu wa masika kizimbani ni koksidia, vijidudu vinavyoishi ndani ya seli za utumbo na ini, ambavyo mayai yake hutoka pamoja na kinyesi yakiwa bado hayajakomaa na huhitaji joto na unyevu ili yaweze kuambukiza. Busia mwezi wa Aprili huyapa vyote viwili bila malipo. Ndiyo sababu kizimba huinuliwa juu ya miguu ya mbao, sakafu yake ikawa ya waya au fito zenye nafasi ili kinyesi kidondoke, na ndiyo sababu pia mfugaji mwenye uzoefu hukifagia kikavu badala ya kukimwagia maji, jambo ambalo mgeni huliona kuwa uchafu. Majani hukatwa siku moja kabla, yakatandazwa mahali penye paa hadi yanyauke, kwa maana majani mabichi yenye maji, yakiliwa kwa wingi, huujaza utumbo gesi.

Kilele cha ufundi huu, hata hivyo, ni kujizuia. Sungura jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 31, hujinyofoa manyoya ya kifuani na kutandika sanduku la kuzalia, kisha huzaa watoto walio uchi na wasioona. Baada ya hapo huwaacha. Huwanyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, aghalabu usiku au alfajiri, na saa zote zilizobaki hukaa mbali kana kwamba hawajui. Asiyejua huingiwa na huruma, akawatoa watoto, akawanywesha maziwa ya ng'ombe na kuwaua kwa wema. Anayejua hunyanyua manyoya kidogo mara moja kwa siku, akatazama matumbo, na yakiwa mviringo na yamejaa huwafunika watoto tena na kwenda zake.

Farasi ni habari tofauti, kwa kuwa kutokuwapo kwake ndiko kunakoeleza mengi. Katika ukanda wa mbung'o, yaani yule inzi afyonzaye damu anayeitwa pia ndorobo, farasi hafi kwa uzembe wa mwenyewe. Hufa kwa nagana, ugonjwa wa vijidudu vya damu viitwavyo tripanosoma, ambavyo humpa homa, humpunguzia damu na kumkondesha mpaka akaanguka. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeviona vijidudu hivyo katika damu ya ng'ombe wa Zululand mwaka 1895, aliwatumia farasi na mbwa kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye mbebaji, na neno nagana lenyewe lilitoka huko kwa Wazulu. Basi pale ambapo kwingineko pangekuwa na farasi, mpakani pana maksai, yaani fahali aliyehasiwa, anayevuta plau katika mashamba ya Wateso, na pana punda wa mkokoteni.

Methali imemdhulumu punda kwa kusema kwamba fadhila zake ni mashuzi. Huyu ni mnyama ambaye asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi. Akiachwa nje katika masika hulowa hadi kwenye ngozi. Aliyetoka barabarani hukaushwa kwa gunia, kisha mikono hupitishwa pole pole chini ya kila mahali palipokaa mkanda, kwa kuwa ngozi iliyolowa huchubuka kwa mzigo ambao wakati wa kiangazi haungeidhuru. Kwato hukwanguliwa matope na kunuswa. Harufu ya uozo katika sehemu laini ya chini hufika puani siku kadhaa kabla ya punda kuanza kuchechemea, na kwa punda siku hizo ni mali, kwani maumivu yake hayana kelele: farasi mwenye msokoto wa tumbo hujibwaga na kugaagaa, ilhali punda mwenye maumivu yaleyale pengine husimama tu, masikio yamelala, chakula hakigusi. Kenya ilihesabu punda takriban milioni 1.8 mwaka 2009 na kama milioni 1.2 mwaka 2019, na katikati ya hesabu hizo mbili yalifunguliwa machinjio ya kuuza ngozi na nyama yao nje ya nchi. Serikali iliamuru yafungwe mwaka 2020, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi hizo barani kote.

Mbwa mgonjwa ndiye anayeupima ufundi huu kuliko wote, kwa sababu hana bei sokoni na anayemuuguza hawezi kujitetea kwa hesabu ya faida. Swali la kwanza ni la kutisha na halirukwi: je, ni kichaa cha mbwa? Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate au ambaye taya lake limelegea hatiwi mkono mdomoni ili kutafuta mfupa. Hutengwa, na daktari wa mifugo huitwa. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka humpa mwuguzaji wake ruhusa ya kumkaribia.

Swali hilo likishajibiwa, yanabaki maradhi ya kupe na ya mbung'o. Fizi hufunuliwa zitazamwe: weupe wake ni upungufu wa damu. Mkojo wa rangi ya chai nzito huelekeza kwenye babesia, vijidudu vya kupe vinavyopasua chembe za damu. Jicho lililofunikwa na ukungu wa samawati, pamoja na uso uliovimba, ni dalili inayojulikana ya tripanosoma kwa mbwa, ingawa wengi hulichukulia kuwa ni uzee. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na jamaa za vijidudu hivyo, si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mbwa hawakuhusika katika uthibitisho huo. Wala dalili moja haimaanishi ugonjwa mmoja. Watafiti wa mradi wa IDEAL, waliowafuatilia ndama 548 wa kizebu katika eneo la Busia tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka, kati ya 2007 na 2010, waliwakuta wengi wakibeba vijidudu vya aina kadhaa kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo kipimo cha dawa kinapokuwa suala la uhai. Diminazini, unga wa manjano unaouzwa katika maduka ya dawa za mifugo, hufungwa katika pakiti ndogo iliyokadiriwa ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa kilo 15 anahitaji sehemu moja ya 20 tu, na akizidishiwa dawa huingia katika mishipa ya fahamu, akapepesuka na kufa kwa tiba yenyewe. Kwa hiyo mbwa hupimwa: mwenye mbwa husimama juu ya mizani akiwa amembeba, kisha husimama peke yake, na tofauti ndiyo uzito anaopelekewa daktari. Kazi iliyobaki haina dawa. Ni maji kidogo kidogo kila saa, mchuzi vuguvugu, kumgeuza ubavu ili asiote vidonda, kumtoa kupe masikioni na kati ya vidole, na kumlaza juu ya gunia lililoinuliwa kutoka ardhini, mbali na matone ya paa. Siku mbwa anapoinuka mwenyewe na kwenda kukojoa mbali na malazi yake, gunia hilo hufuliwa na, jua likiwapo, huanikwa juu ya paa la kizimba cha sungura.