Muziki ni wa Nani? Kuisoma Tena "Shetani Msalabani"

Riwaya hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliandikwa kwa Kikuyu katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Ilichapishwa mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili ikafuata mwaka 1982. Wahakiki wengi wamekwisha kuijadili kwa upande wa siasa. Katika makala haya tunapenda kuitazama kwa upande wa muziki.

Riwayani mna wanamuziki wa namna tatu. Kwanza ni msimulizi mwenyewe, mpigaji wa gĩcaandĩ, kibuyu kichezwacho pamoja na utungo wa mafumbo. Pili ni Gatuiria, msomi aliyerudi kutoka ng'ambo, atakaye kuitungia nchi yake muziki mkuu, hali hawezi kusema lugha yake pasipo kuichanganya na Kiingereza. Tatu ni bendi ya Hell's Angels, yaani Malaika wa Jahanamu, inayowatumbuiza wezi katika karamu yao pangoni Ilmorog.

Dhamira inayojitokeza ni kwamba muziki hupimwa kwa wale unaowatumikia. Gatuiria anaukamilisha utungo wake. Lakini Wariinga anapompiga risasi baba yake Gatuiria, utungo huo haumsaidii kuchagua upande. Hapo mwandishi amefaulu sana.

Kasoro tunaiona katika bendi. Mwandishi amewapa kauli Muturi mfanyakazi na Wangari mkulima, lakini hatusimuliwi maisha ya mpigaji hata mmoja. Je, mpiga gitaa wa kukodiwa hauzi jasho lake kama Muturi? Huenda tukajibiwa kwamba hii ni tashtiti, na wahusika wa tashtiti ni vielelezo tu. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa wezi nao ni vielelezo, na bado wamepewa hotuba ndefu za kujisifu. Aliyenyimwa kauli ni kibarua.

Jambo hili linatugusa sisi tunaofundisha hapa Lemon Gaba, Juba. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kikaanza kusifiwa kuwa lugha ya biashara na mikutano. Sokoni watu husemezana kwa Kiarabu cha Juba. Majumbani mna Kibari na lugha nyingine nyingi. Kiswahili kikiwajia watu hawa kama bendi ya kukodiwa, cha kupamba hafla za wakubwa, kitaondoka hafla ikiisha. Kitakaa endapo mwanafunzi atakitumia kusema lake.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, mkishasoma darasani sura za pangoni, wapeni wanafunzi zoezi hili: waandike hotuba ya mpiga gitaa, aeleze alilipwa kiasi gani usiku ule, na alirudi nyumbani kwa nani.